Bendi Imekufa: Kinanda cha Hotelini, Spika za Kukodisha, Kwaya au Dagaa?

Bendi yetu haikufa kwa ugomvi. Ilikufa Ijumaa moja saa kumi na moja jioni, tulipofika ukumbini kufunga vyombo tukamkuta kijana na laptopu yake na spika mbili, kakaa palepale alipokuwa anakaa mpiga drams wetu. Meneja akatuambia, "Kaeni kwanza wazee wangu, kunyweni soda, bosi yuko njiani." Soda tulikunywa. Bosi hakufika. Saa nne usiku kijana alikuwa anapiga rumba zilezile tulizokuwa tunakopi sisi, zimetoka kwenye flashi, hazikosei, hazidai chakula cha usiku, na watu walikuwa wanacheza vizuri tu. Tulikuwa tisa. Mimi nilikuwa nimepiga besi kwenye kona ile miaka sita, kati ya jokofu la bia na mlango wa jikoni.

Tangu siku hiyo nimepita karibu kila mlango ambao mwanamuziki asiye na bendi anaweza kubisha hapa Mwanza: kinanda cha hotelini, muziki wa kukodisha, kwaya, na mwisho dagaa. Kila baada ya muda mwenzangu ananipigia, wa Igoma, wa Mabatini, juzi mmoja wa Sengerema, anauliza aende wapi kati ya hapo. Nimechoka kujibu vipandevipande kwenye simu. Haya ninayoandika hayamhusu mwenye jina anayejaza uwanja wa CCM Kirumba. Yanamhusu mpiga rithim, mpiga tumba, mwitikiaji, yule ambaye jina lake halijawahi kuandikwa kwenye bango.

Kwanza hesabu siku

Kabla hujafikiria uende wapi, angalia ulikotoka wanakudai au unawadai. Wengi wetu wa bendi tunaamini kwamba bila karatasi ya mkataba hatuna kesi. Tumedanganyana kwa miaka mingi.

Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004, kifungu cha 61, inataja mambo kadhaa, na likiwepo moja tu kati yake unahesabiwa kuwa mwajiriwa mpaka mwenye ukumbi athibitishe vinginevyo. Anakupangia saa za kazi au namna ya kuifanya. Anakupa vitendea kazi. Unamtegemea yeye kwa riziki, au humfanyii kazi mtu mwingine. Au umemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwisho. Hebu piga hesabu: Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, saa tano kila usiku, kwa wiki nne ni saa 60, na hapo sijaweka mazoezi ya Jumatano ambayo ukichelewa unakatwa.

Ukishakuwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 inakubeba. Notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki. Kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Na kuna kitu ambacho sijawahi kumsikia mwanamuziki hata mmoja akikidai: kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Maisha yetu yote yako ndani ya saa hizo! Mwajiri ndiye aliyepaswa kukuandikia masharti ya kazi, na asipoweza kuyaleta, ni juu yake kuthibitisha mlikubaliana nini, si juu yako.

Ushahidi unao mfukoni. Meseji za "Umepokea" kwenye simu, ratiba ya mazoezi kwenye kundi la WhatsApp, picha ya bango lenye sura zenu, shati la sare. Usifute kitu kwa hasira. Mpiga drams wetu alijitoa kwenye kundi usiku uleule na kufuta kila kitu, tukabaki tunaomba wenzake wampigie picha ya skrini.

Malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile watu wanaita CMA, na ofisi ya Mwanza ipo. Unajaza Fomu Na. 1, mwajiri anapelekewa nakala, mnaanza na usuluhishi. Muda ndio unaoua: kuachishwa kazi ni ndani ya siku 30, madai mengine kama malipo yaliyobaki ni ndani ya siku 60. Sisi tulikwenda siku ya 41. Siku zote hizo tulikuwa tunasubiri bosi apokee simu. Kwenye kuachishwa tukaambiwa kwanza tuombe kuongezewa muda na tueleze sababu ya maana, na sababu yetu ilikuwa soda. Lakini hela ya wiki mbili za mwisho, kwa kuwa ilikuwa ndani ya siku 60, tuliidai na tukalipwa kwenye usuluhishi, mbele ya meneja yuleyule.

Kama bendi ilikuwa yenu na mnagawana mlango, hapo hamna mwajiri. Mko wenye biashara, na madai yenu ni ya mkataba wa kawaida, njia yake ni mahakama. Ndiyo maana hata mkataba wa mistari mitatu kwenye karatasi ya daftari ni bora kuliko ahadi.

Kipimo ninachotumia

Siulizi kwanza kazi inalipa shilingi ngapi. Nauliza chombo ni cha nani, na hela inapita mikono mingapi kabla ya kunifikia.

Wazee wetu walipata mshahara. Bendi ya chama cha wafanyakazi cha NUTA ilipoanzishwa mwaka 1964, wanamuziki walikuwa kwenye orodha ya malipo kama makarani, na bendi ile imebadili majina, JUWATA, OTTU, mpaka Msondo Ngoma. Mashirika mengine yakafuata. Mtu alikuwa na mwisho wa mwezi. Lakini magitaa na vipaza sauti vilikuwa mali ya shirika, na aliyehama bendi alihama na vidole vyake tu. Kwenye kumbi za leo tumebakiwa na ile sehemu mbaya ya mpango ule, vyombo vya bosi, na ile nzuri imepotea. Mimi nilibahatika kwamba besi ilikuwa yangu. Mpiga kinanda wetu alitoka na begi la nguo.

Kinanda cha hotelini

Hiki ndicho kila mtu anakitamani kwa sababu kinafanana na kazi tuliyoizoea. Hoteli na migahawa ya ufukweni, kuanzia Capri Point mpaka upande wa Ilemela, inataka mtu mmoja mwenye kinanda chenye mipigo ndani yake na sauti yake mwenyewe. Unapiga zilipendwa taratibu wakati watu wanakula samaki, Jumapili mchana unaweka za injili, akitokea mwenye sherehe ya kuzaliwa unamwimbia. Mtaji ni kinanda, stendi, spika moja ya wastani. Hela inatoka kwa mhasibu wa hoteli moja kwa moja, mara nyingi kila wiki. Mkono mmoja tu, na kwa kipimo changu ni kazi nzuri.

Tatizo la kwanza ni kwamba ni kazi ya mtu mmoja, na mtu huyo lazima aimbe. Mimi sauti yangu ni ya kuitikia. Nilijaribu kwa miezi minne nikiwa na binti mwimbaji, tukagawana malipo ya mtu mmoja, na hoteli ikaona yanatutosha. Sh. 40,000 kwa usiku kwa watu wawili, ukitoa bodaboda ya saa sita usiku kutoka Capri Point kwenda Buhongwa, inabaki ya chai.

La pili ni mvua. Bustani ya hoteli iko wazi, na ziwa halikuagi likitaka kunyesha. Wingu likitanda saa kumi na mbili, meneja anakupigia: "Kaka, leo pumzika." Kupumzika huko hakulipwi. Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, unaweza kupumzika mpaka ukakonda. Kwa hiyo unapokubaliana nao usiulize tu malipo ya usiku. Uliza: nikishafika na kufunga, mvua ikinyesha nalipwa nusu au nalipwa nini? Waandike. Hoteli nyingi zinakubali nusu ukiuliza mapema, maana wenyewe hawakuwahi kulifikiria.

Halafu wako wale vijidudu vya ziwani. Jioni nyingine vinakuja kama moshi kutoka majini, vinafuata taa, na taa iliyo karibu zaidi ni ile ya kuangazia kinanda chako. Nimewahi kumwona mwenzangu akipiga wimbo mzima mkono mmoja, wa pili anafuta vidude kwenye vitufe na khanga iliyoloweshwa. Usiku ule vilimwingia mpaka ndani. Fundi wa Makoroboi alipokifungua kinanda alimwita mkewe aje aone.

Na kelele. NEMC, wale wa baraza la mazingira, walipoanza kubana kumbi na baa kwa ajili ya kelele, waliopunguziwa kwanza ni bendi kubwa zenye drams na mabomba ya spika. Mtu wa kinanda akasalimika, kwa sababu sauti yake inafika meza ya mwisho na kuishia hapo. Kama unataka kubaki jukwaani, basi upepo unavuma upande huu.

Muziki wa kukodisha

Watu wengi wanaoniuliza wameshaamua tayari: wanataka kuuza gitaa wanunue spika mbili. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo nilipoona hela nzuri na hasara mbaya, zote mbili.

Uzuri wake ni kwamba chombo ni chako. Harusi, sendoff, kipaimara, mahafali, mkutano wa hadhara, uzinduzi wa albamu ya kwaya, vyote vinahitaji muziki, na Mwanza ni mji wa shughuli. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kirikuu chenye spika kinavuka kwenda Sengerema na Geita bila kupanga foleni ya kivuko. Zamani kazi ya Geita uliikataa kwa sababu ya kurudi. Sasa unaikubali.

Ubaya wake ni mikono. Kamati ya harusi inaandika bajeti: ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, keki, picha na video, halafu mstari mmoja, "MC na muziki." Mstari mmoja! Hela inatoka kwa wachangaji, inafika kwa mweka hazina, inakwenda kwa MC, na MC ndiye anayekutafuta wewe. Wewe ni mkono wa nne. Nimewahi kufunga muziki wa watu 400 kwa malipo ambayo baadaye niligundua ni robo ya ule mstari. MC hakuniibia. Nilikubali mwenyewe bila kuuliza mstari uliandikwa ngapi. Siku hizi nikipigiwa na MC namwomba kwa adabu anikutanishe na mweka hazina, na asipotaka, nimeshajua.

Masharti yangu ni haya, na sijawahi kuyalegeza tangu nilipojifunza. Nusu kabla ya kirikuu kuondoka nyumbani. Nusu ya pili kabla ya chakula, si baada ya sherehe. Saa tatu usiku mweka hazina anapatikana na ana hela mkononi, watu wanataka maharusi waingie, na muziki uko kwako. Saa saba usiku simu yake imezima, shati liko begani, na anakuambia uje Jumatatu. Jumatatu kamati imeshavunjwa na watu mlioimbiana vigelegele hawakujui. Msibani ni tofauti. Kwa spika ya msibani usidai nusu, usidai chochote. Unafunga, unakaa na wafiwa, na ukoo ukimaliza mambo yake utaitwa. Sijawahi kudhulumiwa msibani.

Sasa hasara. Mpiga solo wetu aliuza gitaa lake, gitaa ambalo watu walikuwa wanatoka Magu kuja kulisikia, akanunua amplifaya na spika mbili za mtumba. Shughuli mbili zikaenda vizuri. Ya tatu ilikuwa Kisesa, kwenye uwanja wa nyumba, umeme ukawa unashuka na kupanda kila jirani akiwasha kitu. Hakuwa na stabilaiza. Nilikuwepo. Ulitoka mlio kama wa mtu anayepiga mluzi kwa mbali, halafu harufu, ile harufu ya nyaya ambayo fundi yeyote akiisikia anasimama. Bibi harusi alikuwa katikati ya uwanja. Tukaazima redio ya gari la maharusi, tukafungua milango yote minne, wakacheza hivyo mpaka usiku. Alirudisha nusu ya kwanza. Gitaa hakulipata tena.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa asiye na mtaji ni kuanza na masikio. Wenye vyombo vizuri mjini hapa wako wengi. Wanaojua kuvifanya vilie ni wachache. Kijana wa laptopu anajua kupiga wimbo uliokwisha kutengenezwa. Mpe kwaya ya watu 40, kinanda, besi na maikrofoni kumi na mbili zinazokoroma, atakuachia mixa na kwenda kununua maji. Sisi tuliokaa miaka kwenye bendi tunasikia mara moja kwamba ni besi inayomeza sauti ya tatu. Hiyo ni kazi ya fundi mitambo, inalipwa kwa shughuli, na mwenye vyombo anakulipa mwenyewe. Jifunze kulehemu waya kwa risasi, nunua kipima umeme cha bei nafuu, tembea navyo. Baada ya mwaka utakuwa unajua spika ipi ya kununua na ipi ya kukimbia, na utanunua stabilaiza kabla ya spika.

Kuna na mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Kwa kawaida inatolewa kwa kikundi. Binti mwimbaji niliyemtaja aliingia kikundi cha akina mama wa mapambo, wakaongeza muziki kwenye mapambo yao. Sasa yeye ndiye anayeniajiri mimi kufunga mitambo, na analipa kabla ya chakula.

Kwaya

Mwanza ina kwaya kuliko ilivyowahi kuwa na bendi. Kwaya ya Vijana ya AIC Makongoro inajulikana nchi nzima, na kila kanisa la mtaa lina kwaya mbili au tatu zinazotaka kurekodi. Ukifika na gitaa unapokewa vizuri. Unaitwa "mwalimu" kuanzia siku ya kwanza, mama mwenyekiti anakukaribisha kiti, unaletewa maji.

Posho ni jambo jingine. Nilifundisha kwaya moja miezi saba. Nililipwa mara tatu, na mara moja ilikuwa mchele. Mama mwenyekiti aliuleta mwenyewe kichwani, "Mwalimu, wabeja, pokea hiki kwanza," yaani asante kwa Kisukuma. Utamwambia nini mayu, mama kama yule? Mkono ni mmoja, moyo ni mweupe, hela hakuna. Hapo ndipo kipimo changu kinaposhindwa kufanya kazi.

Wenzangu waliozoea kupiga kwa kusikia wajue kwamba huko wanatumia sol-fa, yaani noti za do-re-mi zilizoandikwa kwenye karatasi. Mwanakwaya wa miaka kumi na tano atakushikia karatasi na kuuliza sauti ya nne inaanzia so au mi. Waliopita Chuo cha Ualimu Butimba, ambacho kimelea walimu wengi wa muziki, watakuwa mbele yako. Jifunze, haichukui mwezi.

Kwa nini basi niiweke kwenye orodha? Kwa sababu mbili. Machi 2020 mikusanyiko ilipozuiwa, kumbi zilinyamaza, lakini ibada ziliendelea. Machi 2021 ikaja misiba ya kitaifa, siku 21 za maombolezo ya Rais Magufuli, na kwetu wa kumbi zikawa siku 21 za njaa, lakini kwaya ndizo zilizokuwa zinaimba. Nyimbo za kanisani hazifungwi. Pili, kwaya ndiyo inayokuletea zile kazi za fundi mitambo nilizosema.

Ila ukiwatungia wimbo, zungumzeni kabla ya studio. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, wimbo ni wa aliyeutunga mpaka miaka 50 baada ya kufa kwake, isipokuwa kama ameajiriwa kuutunga au ameandika kuutoa. Wewe wa posho ya mchele hujaajiriwa. Uusajili wimbo COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kwa jina lako, kwaya iandikwe kama waimbaji, na mkubaliane mgawo. Nimeona kwaya ikigawanyika vipande viwili, kila kipande kinadai wimbo mmoja, na mtunzi amekaa nyumbani hajui aende kusali wapi.

Dagaa

Bodaboda nitaipita haraka. Hesabu ya kila siku ni ya tajiri, chombo si chako mpaka mkataba uishe, na nawajua wapiga gitaa wawili waliovunjika kiganja. Inatosha.

Dagaa ndio walionishangaza. Uvuvi wa dagaa ni wa taa usiku, na taa inataka kiza. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika. Mtu wa mialoni haulizi leo ni tarehe ngapi, anauliza mwezi uko wapi. Kwa hiyo kuna siku za kiza, ambapo unanunua, unaanika na kubeba mpaka soko la Mwaloni Kirumba, na kuna siku za mbalamwezi, ambapo wavuvi wako nchi kavu, wana hela ya kiza kilichopita, na baa za visiwani zinataka muziki.

Unaona inavyoingiliana? Mimi sikuiona mpaka mwaka wa pili. Siku za kiza nipo ufukweni na magunia. Mbalamwezi ikianza, mpiga kinanda wetu aliyetoka na begi la nguo, ambaye sasa ana kinanda chake, ananipitia tunapanda meli ya Nansio, kutoka pale mtumbwi, tunakaa kisiwani siku tano sita. Jenereta ya baa, balbu mbili, spika moja. Wavuvi wanatunza vizuri kuliko mtu yeyote wa mjini, kwa sababu hawajui kama kesho kutwa upepo utawarudisha. Wanabandika noti kwenye paji la uso la mwimbaji zikiwa na harufu ya dagaa.

Malipo huko ni kwa mkono wa mwenye baa, usiku uleule. Ukisema kesho, kesho mtumbwi wa saa kumi na moja alfajiri umeondoka nawe.

Upande wa biashara yenyewe, nilianza vibaya. Gunia la kwanza nilinunua la dagaa walioanikwa mchangani kwa sababu lilikuwa rahisi. Pale Mwaloni mama mmoja mnunuzi alichota kiganja, akatafuna mmoja, akatema. "Baba, hawa ni wa kuku." Nikauza kwa bei ya chakula cha kuku. Wa kwenye chanja, wasio na mchanga, ndio wanaonunuliwa na wafanyabiashara wanaopeleka Kongo na Burundi. Na mvua, ile ile inayonipumzisha hotelini, ikikukuta dagaa wako bado wabichi kwenye chanja, umepoteza mtaji. Kinanda kikikosa usiku mmoja unapoteza sh. 40,000. Dagaa wakinyeshewa asubuhi moja unapoteza miezi miwili. Mtu asikwambie biashara ni salama kuliko jukwaa.

Wapo wanaosema kuuza dagaa ni kuacha muziki. Wasukuma hawa waliotuzunguka wana manju, watunzi wanaoongoza makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu, na mashindano yao huwa mwezi wa sita na wa saba, baada ya mavuno, ukienda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, utayaona. Miezi mingine manju ana jembe. Sijasikia mtu akimwambia ameacha ngoma.

Nani aende wapi

Mwimbaji mwenye kumbukumbu ya nyimbo, nenda hotelini, lakini na kinanda chako, au na mpiga kinanda mliyeandikiana mgawo. Mpiga drams, masikio yako yamechoka kidogo ila unajua kubeba na kufunga vitu vizito. Nenda kwa mwenye vyombo ukaanze kama fundi mitambo. Mpiga tumba, wewe ndiye wa visiwani, maana tumba haihitaji jenereta na kinanda kikiwa na tumba ya kweli pembeni, mwenye baa anaongeza. Mpiga solo mwenye mkono mwepesi, kwaya zinakutafuta kwa ajili ya studio, dai malipo yako kwa kila wimbo siku ya kurekodi na usisubiri albamu iuzwe. Mwenye familia kubwa na mtaji mdogo asianze na spika wala na gunia. Aanze na chochote kinacholipwa usiku uleule, hata kama ni kidogo.

Sisi wa besi tupo popote, kwa kuwa hakuna anayetutafuta mpaka tukikosekana.

Wiki iliyopita jirani alikuja kuuliza besi yangu nauza ngapi, mwanawe ameanza kupiga kanisani. Hela aliyotaja ni ya magunia mawili ya chanja. Nilimwambia kamba zimechoka, nitabadilisha kwanza, arudi kiza kikiisha. Kiza kikiisha ninapanda meli ya Nansio.